Windows 10 imefika mwisho, mashine ni ya mtumba, watoto wanataka gemu: tuweke Linux gani?

Mwangaza_Tororo (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa watu waliofanya kwa mikono yao, maana nimesoma huku na kule mpaka macho yanauma, na kila mtu anasifia ya kwake.

Nyumbani nina kompyuta ya mezani, Dell OptiPlex 7040, ile nyembamba. Prosesa ni i5-6500, RAM 8GB, HDD 500GB. Niliinunua Kampala ikiwa mtumba, nikarudi nayo Tororo kwenye basi nimeipakata kama mtoto. Ina Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yangu ni ya kizazi cha 6. Kuna njia za panya za kuilazimisha, ila sitaki. Mashine hii ndiyo watoto wanafanyia kazi za shule, nataka kitu kinachosimama chenyewe.

Mchana ni kazi za shule. Jioni ni gemu: mkubwa anapenda Euro Truck Simulator 2, mdogo Minecraft, mimi mwenyewe nina GTA V niliyoinunua Steam (duka la gemu la mtandaoni) zamani. Mdogo wangu anayeishi nasi anataka FC mpya (gemu ya mpira ya EA, zamani ikiitwa FIFA), mpira tu, hana habari na kingine.

Mambo mawili mnayopaswa kujua. Umeme kwetu unakatika bila kuaga, na UPS yangu betri imechoka, inashika dakika tatu. Intaneti ni bando la simu, tunawasha hotspot.

Nataka kuhamia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, na nimeona majina haya ya aina zake (distro): Bazzite, Nobara, CachyOS, Linux Mint, Pop!_OS, SteamOS. Nina kama laki nne za kuongeza kifaa kimoja au viwili. Mngekuwa mimi, mngefanyaje?

---

FundiBombo

Karibu mkuu. Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umetaja umeme na bando. Nikirekebisha mashine za watu hapa Bombo, mtu ananiletea jina la distro ameliona kwenye video ya mtu mwenye umeme wa saa 24 na intaneti ya waya. Anataka hiyo hiyo. Wiki mbili baadaye mashine imerudi mezani kwangu.

Kabla ya jina la mfumo, fungua boksi. Kuna kadi ya grafiki humo ndani, au unatumia picha ya prosesa yenyewe?

---

Mwangaza_Tororo

Hakuna kadi. Ni picha ya prosesa. Muuzaji mmoja ameniambia ana GT 730 kwa bei nzuri, anasema ni kadi ya gemu.

---

FundiBombo

Usiinunue hiyo kadi. Kaa nikueleze sababu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoanza kuichukia Linux bila kosa lake.

Gemu nyingi zimeandikwa kwa ajili ya Windows. Zinazungumza na kadi kwa lugha ya DirectX. Linux haina DirectX. Kwa miaka mingi tulikuwa na Wine, iliyoanza mwaka 1993, ila kwa gemu ilikuwa bahati nasibu. Agosti 2018 Valve, wenye Steam, wakatoa Proton. Hiyo ni Wine iliyopikwa upya, ndani yake kuna kipande kinaitwa DXVK ambacho kinachukua maneno ya DirectX na kuyatafsiri kwenda Vulkan, lugha ya grafiki ambayo Linux inaielewa. Februari 2022 walipoanza kuuza Steam Deck, mashine ya mkononi inayotumia Linux, kazi hiyo ikaenda mbio, na sisi wa kompyuta za mezani tukala matunda.

Sasa, mkalimani anahitaji msikilizaji anayeielewa lugha. DXVK ya kuanzia toleo la 2 inadai Vulkan 1.3. Kadi isiyoijua Vulkan 1.3 haitaokolewa na distro yoyote. Weka Bazzite, weka CachyOS, ni ile ile.

Chukua hizo GT 710 na GT 730 zilizojaa madukani. Nyingi ni za kizazi cha Kepler, draiva yao (programu inayoendesha kadi) iliishia tawi la 470, na Vulkan yao haifiki 1.3. Kuna GT 730 nyingine ni za nyuma zaidi, Fermi, hizo hazina Vulkan kabisa. Kwenye Windows zitasukuma gemu za zamani. Kwenye Linux utahangaika na matoleo ya kale ya DXVK mpaka ukate tamaa.

Picha za prosesa nazo zina mpaka wake. Intel kizazi cha 3 na cha 4, yaani zile i5-3470 na i5-4570 zilizotapakaa kila ofisi, Vulkan yao haijakamilika. Yako ya kizazi cha 6, HD 530, imevuka mto. Hiyo ni bahati. Hata bila kadi utacheza vitu vyepesi.

Kwa laki nne fanya hivi. Tafuta RX 550 ya 4GB, ile fupi inayoingia kwenye boksi jembamba, na SSD. Boksi lako lina pawa saplai ndogo, hivyo kadi lazima iwe ile inayokula umeme kutoka kwenye sloti yenyewe bila waya wa pembeni. GT 1030 pia inaingia na Vulkan inaijua, GTX 1050 Ti fupi ni nzuri zaidi ukiipata, lakini pima nafasi kwanza kwa rula kwa sababu ni nene.

Nakupendekezea AMD (ndiyo hiyo RX 550) kwa sababu draiva yake imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) na ndani ya Mesa (kifurushi cha draiva za grafiki). Hupakui kitu, huwashi kitu, unachomeka na inawaka. NVIDIA za kizazi cha GTX 10 bado zinafanya kazi, ila tawi la draiva la 580 ndilo la mwisho kwao. Kwenye distro zinazokimbilia matoleo mapya kila wiki, mtu wa kadi hizo anapaswa kukaa macho.

---

Kapteni_Jinja

Fundi ameongea vizuri kuhusu kadi. Kuhusu mfumo mimi nasema CachyOS moja kwa moja. Ni ya familia ya Arch, inayosasishwa mfululizo, vifurushi vyake vimejengwa kwa ajili ya prosesa za kisasa, x86-64-v3, na hiyo i5-6500 inaiweza. Unapata kerneli mpya, Mesa mpya, Proton mpya, kila kitu siku ile ile. Ninayo hapa Jinja na Ryzen, sijawahi kujuta.

---

FundiBombo

Kaka, nina swali moja tu. Umeme wako ukoje?

---

Kapteni_Jinja

Nina sola na betri, haukatiki.

---

FundiBombo

Basi kwako ni chaguo zuri na sina neno. Ila mwenzetu ana UPS ya dakika tatu.

Niwasimulie kisa changu mwenyewe. Nilikuwa na distro moja ya aina hiyo, inayosasishwa mfululizo. Jioni moja naisasisha, vifurushi zaidi ya mia mbili, ikafika kwenye kerneli, umeme ukakatika. Uliporudi, mashine ikaonyesha mistari miwili meupe na kusimama. Kerneli ya zamani ilikuwa imeshafutwa, mpya ilikuwa nusu. Niliokoa kwa kuwasha kutoka kwenye flashi, nikaingia kwa chroot (njia ya kufanya kazi ndani ya mfumo ulioharibika ukiwa umewasha kwa flashi), nikamalizia sasisho kutoka humo. Mimi ni fundi, ilinichukua usiku mzima. Baba wa watoto wawili kule Tororo hawezi kukaa usiku mzima akifanya hivyo, na asubuhi mtoto ana kazi ya shule.

Ndiyo maana kwa nyumba yenye umeme kama wa kwetu nasema Bazzite. Imejengwa juu ya Fedora (distro nyingine) ya aina ya atomiki. Mfumo wote ni picha moja iliyofungwa. Sasisho linapakuliwa na kujengwa pembeni, picha unayoitumia haiguswi. Likikamilika, ukiwasha upya ndipo unahamia kwenye mpya. Umeme ukikatika katikati, ile mpya haipo, unarudi kwenye ya zamani kama vile hakuna kilichotokea. Na hata mpya ikija na kasoro, kwenye menyu ya kuwashia unachagua ile ya jana, au unaandika:

`rpm-ostree rollback`

Hilo peke yake kwangu linazidi fremu mbili tatu za ziada unazopata kwa kerneli ya kasi. Kwenye RX 550 kadi ndiyo itakayochoka kwanza, wala si prosesa.

---

Binti_wa_Arua

Nimewasoma wote, na Fundi namheshimu, ila kuna kitu mmekiruka. Bando.

Mimi niko Arua, natumia Linux Mint mwaka wa tatu sasa. Faili ya kuwekea Mint ni karibu GB 3. Ya Bazzite ni mara mbili ya hiyo na zaidi. Halafu kila sasisho la picha nzima linakuja na mzigo, hata kama linachukua vile vipande vilivyobadilika tu. Nilipoijaribu Bazzite kwa mwezi mmoja, sasisho moja lilinimezea GB 2 nikiwa nimelala, kwa sababu kwa kawaida linajiendesha lenyewe. Asubuhi nafungua simu nitume pesa ya ada, bando limekwisha. Mint inaniuliza kwanza, inanionyesha ukubwa wa kila kitu, nachagua ya usalama tu, megabaiti mia moja na kitu, naendelea na maisha.

Mint 22 ilitoka Julai 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, na inahudumiwa mpaka 2029. Umeme ukikatika katikati mara nyingi inatosha kuandika

`sudo dpkg --configure -a`

na inamalizia ilipoishia. Na kuna Timeshift, inapiga picha ya mfumo kabla ya kugusa chochote. Steam inaingia, Proton ni ile ile, haijali unatumia distro gani. Stardew Valley, Dota 2, na gemu ndogo ndogo za Proton, zote nacheza.

Kwa hiyo kaka wa Tororo, umeme ni adui, lakini bando ni adui pia, na huyo wa pili anakuja kila siku.

---

FundiBombo

Dada, hapo umenishika na nakubali. Sikulitaja la kujiendesha, na nilipaswa kulitaja mwanzo kabisa.

Tuseme hivi. Bazzite ikiachwa ilivyo, kwa mtu wa hotspot, ni hasara. Lakini sasisho za kujiendesha zinazimwa. Ukizizima, ukasasisha mara moja kwa mwezi kwa bando la usiku, mzigo unajulikana na unaupangia. Mint inakula kidogo kidogo, Bazzite inakula sahani moja kubwa. Nikikutana na mtu asiyeweza kununua hiyo sahani mara moja kwa mwezi, nitamwekea Mint bila kusita.

Ila dpkg kumalizia ilipoishia ni mara nyingi, kama ulivyosema mwenyewe, wala si kila mara. Nimeziona zisizomalizia.

Na bado bando kubwa kabisa halitaliwa na mfumo. Litaliwa na Steam. Hapa sikilizeni wote:

Kwanza, ndani ya Steam kuna mpangilio wa sheda (programu ndogo za kuchora picha za gemu). Inapakua sheda zilizokwisha kupikwa na watu wengine, kidogo kidogo, kila gemu, kila mara. Zima. Kwa kadi za AMD na Mesa ya sasa hutahisi tofauti kubwa, labda mkwaruzo mdogo mara ya kwanza unapoingia sehemu mpya.

Pili, weka saa za kusasisha gemu ziwe usiku tu, na kila gemu usiyoicheza iambie isisasishwe mpaka uifungue.

Tatu, na hili ndilo kubwa: tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa mtandao wa ndani, bila intaneti kubeba mzigo. Ukiwa na rafiki mwenye gemu ile ile kwenye Windows yake, mnaunganisha kwa waya au ruta moja, faili zinavuka. Na kwa kuwa Proton inatumia faili zile zile za Windows, inakubali. GTA V ni zaidi ya GB 100 siku hizi. Kuipakua kwa hotspot ni kuchoma ada ya muhula.

---

MzeeWaMalaba

Vijana hongereni kwa mjadala safi. Na huyo kijana anayetaka FC? Mjukuu wangu ni huyo huyo, mpira tu.

---

FundiBombo

Shikamoo mzee. Hapa lazima niseme ukweli wote ili mtu asije kulia baadaye.

FC haitafanya kazi kwenye Linux. Kuanzia FIFA 23, EA wameweka programu yao ya kuzuia udanganyifu inayokaa ndani kabisa ya Windows, kwenye kiini. Proton haiwezi kuipa kiini cha Windows kwa sababu hakipo. FC 24, 25 na 26 ni hadithi moja. Hakuna distro ya kutibu hili, atakayekuambia vinginevyo anakupotezea muda.

Nyingine za kundi hilo: Valorant, Fortnite, na League of Legends tangu Mei 2024 ilipowekewa Vanguard, nayo ya kuzuia udanganyifu. Apex Legends ilikuwa inachezeka, EA wakaifungia Linux mwishoni mwa Oktoba 2024. GTA Online nayo ilifungwa Septemba 2024 walipoweka BattlEye, programu nyingine ya kuzuia udanganyifu. Ila hadithi ya GTA V, ya mchezaji mmoja, inachezeka vizuri, kwa hiyo mleta uzi yuko salama.

Kinachoniuma ni kwamba BattlEye na EAC (Easy Anti-Cheat, ya kazi hiyo hiyo) zote mbili zinaikubali Proton tangu 2021. Mwenye gemu akitaka, anawasha. Wengine wamewasha, wengine wamekataa. Kwa hiyo kabla ya kununua gemu yoyote ya mtandaoni, itafute kwanza kwenye ProtonDB (tovuti ya maoni ya wachezaji wa Linux) usome watu wamesema nini, na tazama tarehe ya maoni, maana gemu iliyofanya kazi mwaka jana inaweza kuwa imefungwa.

Kwa mpira: Football Manager 2024 inaenda vizuri kwa Proton, kama mjukuu anapenda ukocha. Rocket League ni mpira wa magari, inaenda pia. Wengine hapa karakana bado wanacheza PES 2013 kupitia Wine na wana ligi yao kila Jumapili. Lakini mtoto akisema FC mpya na si kingine, mwachieni diski moja yenye Windows. Na mleta uzi, FC mpya na kadi hiyo ndogo, hata kwenye Windows itachechemea.

---

Mwangaza_Tororo

Nashukuru sana wakuu, na dada wa Arua hasa, hilo la bando kulala na kuamka limekwisha nisingelijua. Nimeongea na mdogo wangu. Amenyamaza siku nzima, halafu akasema ataendelea kuchezea FC kwenye PlayStation ya banda la jirani.

Mbona hakuna aliyegusa SteamOS, Nobara na Pop?

---

FundiBombo

SteamOS imetengenezwa kwa Steam Deck na vifaa vya AMD vya namna hiyo. Kwa kompyuta ya mezani ya mtumba inayofanya na kazi za shule, Bazzite inakupa sura ile ile na uhuru zaidi. Nobara ni nzuri, anaitengeneza Thomas Crider, yule yule wa GE-Proton (toleo la Proton aliloliboresha), ila ni Fedora ya kawaida, haina ile kinga ya umeme niliyoisema. Pop!_OS ni ya System76, siipingi, sina sababu ya kuitanguliza mbele ya Mint.

---

Mwalimu_Masindi

Nichomekee kidogo upande wa kazi za shule, maana mmeuita mchana halafu mkausahau. LibreOffice inatosha kabisa kwa insha na majedwali ya watoto. Na nikumbushe vijana kwamba Kiswahili si mgeni kwenye programu huria: mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Nilifundishia nayo. Watoto walijua maana ya "hifadhi" na "bandika" bila kufafanuliwa. Siku hizi serikali yetu inasema Kiswahili kifundishwe, na ningependa kuona tunarudi kwenye kazi kama ile.

---

Mwangaza_Tororo

Narudi na mrejesho, wiki tano zimepita. Samahani kwa kimya.

Nilipata RX 550 ya 4GB, fupi, kwa laki mbili na elfu thelathini, na SSD ya 480GB kwa laki moja na nusu. GT 730 niliiacha dukani. Muuzaji alikasirika kidogo.

Nilichagua Bazzite. Faili niliipakua kwa bando la usiku, usiku mbili. Nililinganisha hesabu yake ya sha256 (alama ya kuthibitisha kuwa faili imefika nzima) kabla ya kuandika kwenye flashi, na nashauri kila mtu afanye hivyo, kwa sababu hotspot ilikatika mara mbili na sikuwa na uhakika. Kuweka mfumo kulichukua kama dakika ishirini. Kadi ilionekana yenyewe, sikugusa draiva. Kitu cha kwanza baada ya kuwaka, kabla hata ya Steam: nilizima sasisho za kujiendesha.

HDD ya zamani nilitaka kuiacha na NTFS (mpangilio wa diski wa Windows) niweke gemu humo. Ikanitesa siku mbili. Gemu inaonekana ipo, ukibonyeza inafungua na kufunga. Nilikuja kuelewa kwamba Proton na NTFS haziivi chungu kimoja, nikahamisha picha na nyaraka za familia, nikaifomati ext4 (mpangilio wa Linux). Tatizo likaisha hapo hapo.

GTA V nilihamishiwa na rafiki hapa hapa Tororo. Nilibeba mashine mpaka kwake, waya mmoja, kama saa mbili. Ni lile toleo la Legacy. Kwa 1080p, vitu vingi nikiviweka vya kawaida, napata fremu kati ya 45 na 60. Euro Truck ina toleo lake la Linux, haihitaji hata Proton, mkubwa sasa anapeleka mizigo kila jioni. Minecraft ya Java inaenda safi. Ile ya Bedrock haipo kwa Linux, na mdogo alilia kidogo kwa sababu rafiki zake wako huko.

Sasa lile kubwa. Wiki iliyopita nilikaa saa sita usiku nisasishe kwa bando la usiku. Ikafika karibu na mwisho, nikaona imeandika inajenga picha mpya. Umeme ukaenda. UPS ikapiga kelele, dakika tatu, kimya. Nilikaa gizani nikiwaza maneno ya Fundi na ile mistari miwili meupe.

Umeme ulirudi alfajiri. Niliwasha nikiwa nimesimama. Ikawaka kama kawaida, picha ya zamani, kila kitu mahali pake, hata ile gari ya mtoto aliyoiegesha Euro Truck. Usiku uliofuata nikarudia sasisho, likakamilika. Ila bando nililipa mara mbili, na hilo dada wa Arua alinionya.

---

Binti_wa_Arua

Nafurahi imesimama, kaka. Nunua betri ya UPS, tafadhali, hiyo ndiyo ya laki nne inayofuata. Mfumo umekuokoa, ila SSD ya bei nafuu haipendi kuzimwa kwa kukatwa kila wiki.

---

Kapteni_Jinja

Na weka MangoHud uone joto la kadi. Hayo maboksi membamba yanapika. Mimi ningefungua pembeni nikasafisha vumbi kila mwezi, Tororo na lile vumbi la saruji.

---

MzeeWaMalaba

Mwangaza, mjukuu amekubali kujaribu. Yeye ana i5-4570, haina kadi. Na ana pedi ya PS4.

---

FundiBombo

Pedi ya PS4 chomeka tu mzee, kerneli inaijua. Hiyo i5-4570 ni kizazi cha 4, Vulkan haijatimia, kwa hiyo bila kadi asitegemee Proton ya kawaida. Awekewe Mint, acheze gemu zenye toleo la Linux na zile za zamani. Kwa gemu ya zamani ya DirectX 9 ndani ya Steam, aandike hii kwenye vigezo vya kuwashia:

`PROTON_USE_WINED3D=1 %command%`

Itapita njia ya OpenGL (lugha ya grafiki ya zamani) badala ya Vulkan. Ni polepole, lakini inapita. Siku akipata RX 550 kama ya mwenzetu, aifute.

---

Mwangaza_Tororo

Mzee, usipakue. Nina Mint kwenye flashi nyingine, niliipakua wakati bado sijaamua. Programu huria kunakiliana ni ruhusa. Jumamosi nakuja Malaba sokoni kama kawaida, nitakuwa upande wa stendi kuanzia saa nne. Mjukuu aje na flashi tupu ya 8GB, na aniletee na ile hesabu ya sha256 aiandike kwenye karatasi kutoka tovuti yao wenyewe, tuilinganishe pamoja.